Kiondo cha Wayua Kilichokwenda Ruiru

"Kiko wapi, Syokau?"

"Kiko wapi nini?"

"Usinichezee. Kiondo changu kilichokuwa kimening'inia hapa nyuma ya mlango."

"Kile cha mistari kama punda milia aliyelewa? Wayua, mimi nilikuonea huruma. Nilikipeleka Thika Jumamosi pamoja na vya wanawake wengine. Bwana Idarous hakukitaka, ilibidi nimchekeshe kwanza."

"Umekiuza?"

"Nimekibadilisha na leso. Iko kwangu, ya maua, mpya kabisa. Ungesema asante badala ya kunitolea macho."

Wayua aliketi pale pale kizingitini, na kifurushi cha nguo za hospitali bado kichwani. Juma zima alikuwa Thika akimuuguza mumewe, Kimeu, na ndiyo kwanza alikuwa amerudi naye.

"Syokau," akasema polepole, "umeuza kitabu changu."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. "Kitabu! Wewe na mimi, hata herufi ikitukanyaga mguu hatuwezi kuishtaki, hatuijui jina."

Hakucheka. Alikunja uso kama mtu aliyepigwa, na hapo kicheko changu kikafa chenyewe.

Hiyo ilikuwa Alhamisi jioni, mwaka wa hamsini na saba, katika kambi ya mkonge mashariki ya Thika. Nyinyi mnaopita huko siku hizi mnaona majumba na pikipiki. Sisi tuliona mkonge tu, safu kwa safu mpaka macho yanachoka, na singa, nyuzi zake, zilizoanikwa kwenye nyaya zikimeta kama mvi za jitu. Harufu ya mkonge uliokamuliwa ilikuwa mbaya, chungu, inaingia mpaka kwenye uji. Leo nikiisikia mahali hata kwa mbali, moyo wangu unasimama na kuangalia nyuma. Tulikuwa na nguvu wakati huo. Kengele ya asubuhi ikilia, mimi na Wayua tulitoka tukikimbia, na mikono yetu ikisuka. Ndiyo, tukikimbia na kusuka. Mwanamke wa kwetu akionekana njiani na mikono mitupu, watu walimuuliza kama anaumwa.

Wayua alizaliwa Gatuanyaga, mwaka wa ukame ambao mbuzi walikula vivuli vyao wenyewe. Msibishe, mama yangu alivishuhudia vilivyobaki. Aliolewa na Kimeu, mwanamume mpole aliyesema maneno saba kwa siku, na matano kati ya hayo aliwaambia ng'ombe. Mtoto wao wa kwanza alikuja kabla ya wakati, wa miezi saba, mdogo kama ndizi moja. Walimpa jina la Mulei. Aliishi siku tisa. Baada ya kumzika, Gatuanyaga ikawa haina raha tena, wakaja kambini, Kimeu akakata mkonge na Wayua akaanika singa pamoja nami.

Kanisa letu lilikuwa la udongo na mabati. Mimi nilikwenda kwa sababu kulikuwa na kivuli na kuimba. Wayua alikwenda kwa sababu nyingine, ila hakuisema. Aliketi benchi la nyuma kabisa, akasikiliza, akasuka. Mzee wa kanisa alikuwa Zacharia, mtu mrefu wa sauti nene, na siku moja alimsimamisha mbele ya wote.

"Mke wa Kimeu, hapa ni kanisani. Kazi ya mikono ina siku sita."

"Mzee, nisamehe," Wayua akajibu. "Nikisimamisha mikono, masikio nayo yanasimama."

Zacharia akamruhusu, mradi abaki nyuma. Miaka mitatu ikapita hivyo.

Sasa nirudi pale kizingitini. Wayua alishusha kifurushi na kunieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata Kimeu. Kila Jumapili alisuka mizunguko kadhaa ya kile kiondo kwa yale aliyoyasikia. Chini kabisa, mzunguko mweusi wa tope la mto, halafu mweupe: giza, kisha Mungu akasema pawe nuru. Rangi ya majani ni bustani. Wekundu mdogo, uzi mmoja tu, ni damu ya Abeli. Mawimbi ni Nuhu. Akifumba macho na kupitisha vidole, maneno yalimjia yote, moja baada ya jingine, kama mtu anayesoma. Ndiyo maana kilikuwa kibaya vile! Mimi nilikitazama nikitafuta urembo, nikadhani mwenzangu ameharibikiwa kwa huzuni.

"Na ule mzunguko usio na rangi, karibu na katikati?" nikauliza. Nilikuwa naukumbuka, kwa sababu ndio nilioucheka zaidi.

"Huo ni mwezi ambao nilimkumbuka Mulei, nikawa siongei na Mungu. Nilikuja kanisani, nikasuka, nikamnunia. Sikutaka kuuficha."

Shida ilikuwa hii. Jumapili ile wazee wangewapima waliotaka kubatizwa. Desturi ilikuwa kila mmoja asimame na kitabu alichojifunzia, asome pale atakapoonyeshwa. Wayua aliazimia kusimama na kiondo chake na kumwambia Zacharia aweke kidole popote atakapo. Na Jumatatu walikuwa wanahama. Mashine ya kukamua mkonge ilikuwa imemla Kimeu vidole vitatu vya mkono wa kulia, na mtu asiyeweza kushika panga hakuwa na nyumba kambini. Wayua alikuwa amepata kazi ya kuchuma kahawa huko Ruiru. Asipobatizwa Jumapili, angeanza tena darasa la miaka miwili, kati ya watu wasiomjua.

"Nyumba inakwenda," akasema. "Mkono wa Kimeu umekwenda. Nilisema hili moja nitaondoka nalo."

Kesho yake, Ijumaa, kabla jua halijashika bati, tulikuwa mlangoni pa duka la Idarous, Thika. Alikuwa mzee mwema wa kofia ya kufuma, mwenye kasuku aliyewasalimu wateja wote kwa Kiarabu, hata mbwa. Nilimpa leso yake, nikaomba kiondo.

"Hakipo, mama," akasema. "Bibi yangu Mwanarusi amekwenda nacho Ruiru. Binti yetu amejifungua Jumapili, kabla ya siku zake. Mwanarusi alichukua kiondo cha kwanza alichokiona, akatia pamba na mafuta, akakimbilia stesheni."

Wayua aligeuka, akashika njia ya reli. Nami nilimfuata, ningefanya nini? Dhambi ilikuwa yangu.

Wakati huo ulikuwa wa Emajensi, hali ya hatari ya wakoloni, na mtu hakutembea tu kama kuku wa nyumbani. Karibu na nusu ya safari askari wawili walitusimamisha. Mmoja alikuwa kijana mwenye bunduki iliyomzidi urefu. "Mnatoka wapi? Mnakwenda wapi? Mmebeba nini?"

Mimi nilikuwa tayari. "Bwana mkubwa, usisogee! Huyu mwenzangu ana tetekuwanga. Jana alimgusa ng'ombe, ng'ombe akaanguka na kukohoa mara mbili. Nampeleka Ruiru akafie kwa shangazi yake."

Askari aliruka nyuma hatua tatu. Ilikuwa inakwenda vizuri sana. Halafu nikamsikia Wayua nyuma yangu:

"Sina tetekuwanga, bwana. Tunafuata kiondo changu. Huyu alikitoa kwa makosa, kiko kwa mke wa Bwana Idarous."

"Wayua!" nikamnong'oneza. "Nimekwisha kutuvusha, wewe unaturudisha!"

"Siwezi kudanganya njiani nikaenda kujibu maswali ya Mungu Jumapili."

Yule kijana alituangalia, mmoja baada ya mwingine. Akauliza ni kiondo gani kinachofuatwa kutoka Thika hadi Ruiru kwa miguu. Wayua akamweleza, mweusi, mweupe, majani, damu, mawimbi, yote, katikati ya reli, jua likituchoma. Askari mwenzake alichutama kwenye kokoto kusikiliza. Alipofika kwa Nuhu, kijana akaondoa bunduki njiani. "Piteni," akasema. "Lakini huyu mwongo atangulie mbele, nimwone mgongo."

Nilitangulia nimenuna.

Ruiru ya wakati ule ilikuwa kituo cha gari la moshi, maduka machache ya Wahindi, na kahawa. Kahawa ilikuwa imetoa maua baada ya mvua, meupe yote, harufu yake tamu mpaka inalewesha. Wayua alisimama kidogo kando ya shamba, akapumua. Baadaye aliishi hapo miaka mingi, mle ndani ya kahawa, na kila nilipomtembelea msimu wa maua alinisimamisha pale pale na kuniambia, "Hapa ndipo nilipopumua." Nami nilimwambia, "Ulipumua kwa sababu nilikutembeza mpaka ukachoka," tukacheka. Siku hizi nikiwa peke yangu nacheka sehemu zote mbili, yake na yangu.

Tuliuliza nyumba, tukaonyeshwa. Bi Mwanarusi, mke wa Idarous, alitupokea kwa adabu zote, akatuketisha mkekani, akatupa chai ya tangawizi kabla ya kutuuliza shida yetu. Nilimwambia tumekuja kuchukua kiondo, kuna makosa yametokea, nitamletea kingine kizuri mara kumi.

Uso wake ukabadilika. "Njooni mwone," akasema.

Kiondo kilikuwa kimening'inizwa kwa kamba kutoka kwenye boriti, jirani na jiko, mahali pa joto. Ndani kulijaa pamba. Na ndani ya pamba kulikuwa na kichwa kidogo, chekundu, kinachopumua kama panya.

"Wa miezi saba," Mwanarusi akasema kwa sauti ya chini. "Leo siku yake ya tano. Mkunga ametuambia tusimtoe ila kwa kunyonya, hapo ndani ndipo panapomfaa, pamesukwa vizuri, upepo haupiti. Akiifikia siku ya saba na bado ananyonya, tumtoe, tumfunge kifuani kwa mama yake, na hapo tuanze kumwita mtu. Lakini kiondo ni chako, mama. Ukisema nikupe, nitakupa."

Mimi nilitazama chini. Nilijua Wayua anamwona nani mle ndani. Siku tano, za Mulei zilikuwa tisa. Nilitaka kusema neno la kuchekesha, nikakuta sina hata moja, na hilo kwangu ni ugonjwa.

Wayua alisogea. Aliweka vidole viwili nje ya kiondo, chini kabisa, kwenye weusi. Akaanza kupanda taratibu, mzunguko kwa mzunguko, midomo ikicheza bila sauti. Alipofika kwenye ule usio na rangi alisimama. Alikaa hapo mpaka chai yangu ikapoa. Kisha akaendelea mpaka ukingoni, na mtoto akapiga chafya, chafya ya sisimizi.

"Mwache alale, Bi Mwanarusi," Wayua akasema. "Mimi nilikisuka nikiwa na hasira na Mungu kwa ajili ya mtoto kama huyu. Sikujua nasukia nani."

"Lakini mmetoka mbali. Kilikuwa cha nini hasa?"

Wayua hakutaka kusema, kwa hiyo nilisema mimi, Jumapili, kanisa, Zacharia na kidole chake, kitabu, Jumatatu, kuhama. Mara hii moja sikuongeza chumvi. Mwanarusi alisikiliza akiwa ameshika shavu. Usiku huo tulilala jikoni kwake, na Jumamosi tukarudi.

Njiani nilimsumbua sana. "Sasa utafanyaje? Hata Mungu wako ana mambo. Anakupa kitabu, halafu anakitia mtoto wa watu!"

"Syokau, nyamaza kidogo."

"Sinyamazi. Umepoteza nyumba, umepoteza vidole vya mume, umepoteza ubatizo, na kiondo umekiacha kwa mikono yako mwenyewe. Huogopi?"

"Naogopa. Tangu mashine imshike Kimeu, naogopa kila asubuhi nikiamka. Lakini zamani nilipoogopa nilimnunia. Jana nilipomwona yule mtoto niliogopa, na nikajikuta naongea naye Mungu, kama ninavyoongea nawe. Kama Jumapili watanikataa, nitamwambia pia hilo. Ruiru si mbali naye."

Nilimsimulia habari ya mamba niliyemwona mto Thika akiwa amevaa kofia ya mzungu, ili apunguze mawazo. Alikuwa ameisikia mara nyingi, lakini aliuliza tena kofia ilikuwa ya rangi gani. Huyo ndiye alikuwa Wayua.

Jumapili kanisa lilijaa. Kimeu aliketi upande wa wanaume, mkono wake umefungwa mweupe kama mkate. Waliitwa mmoja mmoja. Walisimama na vitabu vyao, Zacharia akafungua ukurasa autakao, wakasoma, wengine wakikwama kama mkokoteni kwenye mchanga, lakini walisoma. Mwisho akaitwa Wayua. Alisimama na mikono mitupu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza kambi nzima kuiona mikono hiyo haina kazi.

"Kitabu chako, mke wa Kimeu?"

"Sina leo, mzee. Lakini naweza kusema niliyojifunza."

Akasema. Mweusi, mweupe, bustani, damu, mawimbi, Abrahamu na mwanawe mlimani, bahari iliyogawanyika. Vidole vyake vilikuwa vikisuka hewa. Watu walianza kutikisa vichwa kwa furaha, na mimi nikaanza kupumua.

Zacharia akainua mkono. "Vizuri. Sasa ruka. Tuambie habari za mwana aliyeomba urithi akaondoka kwa baba yake."

Wayua alifumba macho. Vidole vikatafuta, vikakosa. "Hiyo... hiyo iko juu, baada ya mawimbi madogo. Mkono wangu ndio unaojua mahali, mzee. Naomba nianze tena chini."

Watu wengine wakacheka. Zacharia hakucheka, na nitamtendea haki, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona wengi waliokariri kama kasuku, wakabatizwa asubuhi, jioni wakarudi kwenye pombe. "Wanangu," akasema, "anayesema kwa mfululizo tu hajaelewa bado. Hata kasuku wa Bwana Idarous anasalimu. Mke wa Kimeu, mimi nakupenda, lakini utangoja."

Kimeu alisimama. Nawaambia ukweli, kanisa zima liligeuza shingo. "Mzee," akasema, "ana kitabu." Halafu akaketi, maneno yakiwa yamemwishia. Wayua alikuwa amemweleza usiku wa kuamkia Jumapili hiyo.

"Kitabu gani?"

"Kiondo," Wayua akasema. "Nilisuka mahubiri yako, mzee. Miaka mitatu. Kimebaki Ruiru, mtoto mchanga analala ndani."

Kicheko kilipasua mabati. Zacharia akakunja uso. "Dada, hapa ni mbele ya Mungu."

Hapo ndipo mimi nilipoinuka. "Ni kweli!" nikapiga kelele. "Kila mzunguko ni neno. Nilikitoa mimi kwa ujinga wangu. Nimekiona kwa macho yangu huko Ruiru, na mtoto ndani yake, wa miezi saba, mdogo hivi!"

Kisha mtu mmoja kutoka nyuma akauliza, kwa upole kabisa, "Na mamba, Syokau? Alikuwa amevaa kofia?"

Wajukuu zangu, sijawahi kusikia kicheko kama kile. Wazee waliinama wakashika magoti. Mara moja katika maisha yangu nimesema kweli tupu mbele ya watu, kwa ajili ya mtu niliyempenda kuliko dada wa tumbo moja, na kweli hiyo haikupata hata mtu mmoja wa kuipa kiti. Nilisimama pale machozi yakinitoka, na wao wakadhani ni sehemu ya mchezo. Wayua alinigeukia kutoka kule mbele. Hakuwa na hasira. Alinitikisia kichwa kidogo tu, kama anavyofanya mtu anayemwambia mwenzake, kaa, mimi niko salama.

"Basi," Zacharia akasema, akifunga Biblia yake. "Tusiharibu ibada. Syokau, keti. Mke wa Kimeu, kwa jambo hili mimi na wazee wenzangu tumeamua kwamba—"

"Hodi humu ndani!"

Mlangoni alikuwa amesimama Bi Mwanarusi katika buibui lake, vumbi la stesheni mpaka magotini, amevua viatu na kuvishika mkononi kwa kutojua desturi yetu. Kichwani alikuwa amebeba kiondo cha mistari, na pamba zikiwa zimeshika ukingoni.

"Samahanini, wazee," akasema, akihema na kucheka pamoja. "Mtoto ameamkia siku ya saba. Yuko kifuani kwa mama yake, ananyonya. Nani hapa anaitwa Zacharia? Nimeambiwa aweke kidole popote."